Luteni Europe na muziki usioandikika

Kila mwaka ninapowafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la fonolojia, huandika ubaoni neno moja tu, barabara, kisha huwaomba wanisomee. Wengi hutaja njia ya magari. Wachache hulisoma lile la pili, lenye maana ya sawasawa, ambalo mkazo wake haukai kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo ada ya Kiswahili, bali hurudi nyuma silabi moja zaidi. Herufi ni zile zile. Sauti ndiyo iliyo tofauti. Hapo huwaambia kwamba maandishi ni kivuli cha lugha, wala si lugha yenyewe. Nao huyaandika maneno yangu daftarini kwa utiifu mkubwa, nami nikaendelea na somo.

Lakini pana wakati ambapo mimi mwenyewe niliyasahau hayo. Kabla ya kuajiriwa chuo kikuu nilifundisha katika shule moja ya upili ya bweni, na kwa kuwa ilijulikana kwamba niliwahi kuimba kwaya, nilitwikwa ulezi wa bendi ya shule. Ilikuwa bendi ya tarumbeta sita zilizobonyea, ngoma tatu na matoazi. Miongoni mwa wapigaji alikuwamo mvulana wa kidato cha tatu aliyelelewa katika kanisa la ngoma na matari, na kila nilipompa wimbo ulioandikwa, aliupinda. Nota niliyotaka ipigwe kwa unyoofu aliifikia kwa kuitelezea kutoka chini, kisha akaitikisa mwishoni kama mtu anayelia. Siku moja kabla ya mashindano nilimkemea mbele ya wenzake, nikamwamuru apige kilichoandikwa. Naye alipiga kilichoandikwa. Tuliambulia cheti cha kushiriki. Muhula uliofuata hakurudi katika bendi, wala sikumwuliza sababu.

Kijana huyo hunijia akilini kila ninapoyatafakari maisha ya James Reese Europe, mwanamuziki wa kijeshi ambaye jina lake halitajwi sana katika shule zetu. Na jina lenyewe ni la kinaya: ukoo wake uliitwa Europe, yaani Ulaya, ilhali mwenyewe alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa mjini Mobile, jimbo la Alabama, mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakati ambapo kumbukumbu ya utumwa ilikuwa ingali mbichi katika majimbo ya kusini.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, wazazi wake walihamia Washington, ambako baba alipata kazi katika idara ya posta. Nyumba yao ilikuwa ya muziki. Dadake, Mary, alikuja kuwa mpigaji piano hodari na mwalimu wa muziki katika shule ya upili ya watoto weusi mjini humo. Tena ujirani ulikuwa wa heri. Karibu nao aliishi John Philip Sousa, aliyeiongoza bendi ya Wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892 na ambaye utunzi wake wa nyimbo za gwaride ulimpatia sifa duniani kote. Mwanamuziki mmoja wa bendi hiyo aliwafunza watoto wa familia ya Europe piano na fidla. Kwa hivyo kijana huyo aliinukia akiisikia bendi bora ya kijeshi nchini mwake, akafundishwa na mtu wa bendi hiyo, lakini hakuweza kuota kujiunga nayo. Kikosi cha Wanamaji hakikuwaandikisha watu weusi hadi 1942. Elimu alipewa, mlango ulifungwa.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini alihamia New York. Huko aliwakuta wanamuziki weusi katika hali ambayo msomaji atajifikiria mwenyewe inafanana na ipi. Tajiri aliyetaka burudani katika karamu yake aliwaita, akawapa kazi ya kupakua vyakula au kuosha vyombo, na baada ya hapo ndipo walipotoa ala zao na kupiga muziki kwa kutarajia bakshishi. Muziki wao ulipendwa sana, lakini haukuhesabiwa kuwa kazi. Mnamo 1910 Europe aliongoza kuundwa kwa chama kilichoitwa Clef Club, ambacho kilikuwa chama cha kutetea wanamuziki na wakati huo huo ofisi ya kuwatafutia kazi. Aliyewataka ilimbidi apitie huko, akubali ujira uliotajwa mapema, agharimie usafiri wao, na asahau kabisa habari ya kuwatuma jikoni. Wao nao walitakiwa kufika kwa wakati, wakiwa wamevalia suti rasmi.

Tarehe 2 Mei 1912 aliipandisha okestra ya chama hicho, yenye watu zaidi ya mia moja, kwenye jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi ulioheshimiwa kuliko kumbi zote za muziki nchini humo. Tamasha lenyewe lilikuwa la kuchangia shule ya muziki ya watoto weusi wa Harlem. Badala ya fidla nyingi, kama ilivyo katika okestra za Kizungu, alijaza jukwaa mandolini, banjo na piano kumi. Wahakiki walipolalamika kwamba hiyo haikuwa okestra iliyopangwa ipasavyo, jibu lake lilikuwa kwamba watu wake wana sauti yao, na kwamba hawakuja pale kuiga ya wengine. Mwishoni mwa 1913 alitia saini mkataba wa kurekodi na kampuni ya Victor, miongoni mwa mikataba ya kwanza ya aina hiyo kupewa bendi ya watu weusi. Wakati huo alikuwa pia akiwapigia muziki Vernon na Irene Castle, wachezaji dansi Wazungu waliovuma wakati huo.

Kwa nini basi mtu aliyekwisha kufanikiwa hivyo aende jeshini? Mwaka 1916 kiliundwa huko Harlem Kikosi cha 15 cha Walinzi wa Taifa wa New York, kikosi cha wanaume weusi chini ya Kanali William Hayward, ambaye alikuwa Mzungu. Europe alijiandikisha mwezi Septemba kama askari wa kawaida, akifanya mtihani wa uofisa na kuufaulu baadaye. Aliamini kwamba Harlem ilihitaji taasisi ya kuwaunganisha vijana wake, na kwamba kikosi kingekuwa taasisi hiyo. Hakwenda kwa ajili ya bendi. Alipangwa katika kampuni ya bunduki za rashasha, na huko ndiko alikotaka kubaki.

Hayward, hata hivyo, alitaka bendi, tena bendi bora jeshini. Europe alitaja masharti mazito, pengine akitumaini kwamba kanali angekata tamaa. Kanuni za jeshi ziliruhusu wapigaji 28. Yeye aliwataka 44. Alitaka pia fedha za kuwavuta wanamuziki hodari, ambao mjini walilipwa zaidi ya mshahara wa askari. Hayward alimwendea tajiri mmoja, akarudi na dola 10,000. Baada ya hapo Europe hakuwa na hoja. Wapigaji wa klarineti na ala za jamii yake walikuwa adimu Harlem, naye akafunga safari hadi kisiwa cha Puerto Rico, ambako miji ilikuwa na bendi zake na vijana walifundishwa kusoma nota tangu utotoni. Alirejea na zaidi ya wapigaji kumi. Mmoja wao, Rafael Hernández, alikuja kuwa mtunzi mkubwa wa nyimbo za Kihispania.

Oktoba 1917 kikosi hicho kilipelekwa mafunzoni Spartanburg, South Carolina, mji ambao wakuu wake walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba hawakuwataka askari weusi. Siku moja Noble Sissle, mwimbaji na rafiki mkubwa wa Europe, aliyekuwa sajini katika bendi, aliingia katika hoteli kununua gazeti. Mwenye hoteli aliipangusa kofia yake kichwani na kumpiga mateke. Askari waliokuwa karibu, weusi kwa weupe, walijaa pale wakiwa tayari kuibomoa hoteli. Aliyeingia kati ni Luteni Europe. Aliwaamuru wote wasimame kimya, akawataka watoke mmoja mmoja kwa utaratibu, kisha yeye akabaki akamwuliza mwenye hoteli sajini wake alikuwa amekosa nini. Wakuu wa jeshi waliona hatari iliyokuwa mbele, na haukupita muda kikosi kikaamriwa kwenda Ufaransa. Nchi yao ilikwisha kukinyima kikosi hicho nafasi katika gwaride la kuwaaga askari wa New York waliokuwa wakienda vitani.

Walitua katika bandari ya Brest mwanzoni mwa Januari 1918. Gatini bendi ilipiga wimbo wa taifa wa Ufaransa. Masimulizi ya waliokuwapo yanasema kwamba Wafaransa walisimama wakisikiliza kwa starehe, na zikapita hatua kadhaa za muziki kabla hawajashtuka na kupiga saluti. Hawakuutambua wimbo wao wenyewe! Nota zilikuwa zao. Lafudhi ilikuwa ya Harlem.

Kazi ya kwanza waliyopewa askari hao haikuwa ya vita. Walipewa sepetu na mitaimbo, wakapakua meli na kutandika reli huko Saint-Nazaire, huku bendi ikizungushwa mijini kuwaburudisha wengine. Hatimaye jeshi la Marekani, lisilotaka weusi wapigane bega kwa bega na weupe, lilikikabidhi kikosi hicho kwa Wafaransa. Walivikwa kofia za chuma za Kifaransa, wakapewa bunduki za Kifaransa, na kikosi kikabadilishwa jina kuwa cha 369. Kinahesabiwa kuwa kilikaa siku 191 katika mstari wa mbele, na serikali ya Ufaransa ikakitunuku nishani ya Croix de Guerre.

Ikumbukwe kwamba Europe angeweza kukaa salama na fimbo yake ya kuongozea bendi. Badala yake aliingia mahandakini na kampuni yake ya rashasha, na anatajwa kuwa ofisa wa kwanza mweusi wa Marekani kuongoza askari katika mapigano ya vita hivyo. Usiku mmoja alifuatana na doria ya Wafaransa katika uwanja uliokuwa kati ya majeshi mawili, mahali ambapo aliyeonekana hakurudi. Mwezi Juni alivuta gesi ya sumu, akalazwa hospitalini Paris. Sissle alikwenda kumtazama akihofia kumkuta mahututi, akamkuta ameketi kitandani na daftari, akiandika wimbo kuhusu doria ile.

Nimewahi kusikia mwanafunzi akisema kwamba huu ni ushahidi kwamba msanii haachi usanii hata akiwa kitandani. Naam. Mimi naona jambo jingine. Mtu huyu alikuwa amepigana maisha yake yote ili muziki wa weusi uhesabiwe kuwa kazi, na sasa jeshi lilikuwa tayari kumhesabia hiyo kazi moja tu. Lilimtaka mwanamuziki. Yeye alisisitiza kuwa mwanamuziki na askari, na alitia saini msisitizo huo kwa mapafu yake.

Mwezi Agosti 1918 bendi iliitwa Paris kwa tamasha moja katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées. Ikabaki mjini humo wiki nane. Ndipo likatokea jambo ambalo Europe mwenyewe alilisimulia kwa mwandishi wa habari aliporudi kwao mwaka 1919, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Katika bustani ya Tuileries bendi yake ilipiga pamoja na bendi bora za kijeshi za Uingereza, Ufaransa na Italia. Baadaye kiongozi wa bendi maarufu ya Garde Républicaine alimwomba karatasi za nota za wimbo mmoja uliokuwa umemvutia. Akapewa. Siku ya pili alirudi na malalamiko: wapigaji wake, ambao hakuna aliyeweza kuwafundisha kusoma nota, walikuwa wameupiga wimbo ule neno kwa neno, lakini haukuwa wimbo ule. Europe akaenda kuwasikiliza, akakubaliana naye. Wafaransa walishuku kwamba ala za Wamarekani zilikuwa za namna ya pekee, wakazichunguza. Zilikuwa ala za kawaida.

Europe alieleza siri yake pasi na uchoyo. Wapigaji wa tarumbeta waliziba midomo ya ala zao kwa vizibo na kuizungusha ndimi wakati wa kupuliza. Walitia mkazo mahali ambapo karatasi haikuonyesha mkazo. Zaidi ya hayo, alisema, ilimbidi awe mkali mazoezini kuwazuia vijana wake wasiongeze mapambo kupita kiasi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake la kutia. Naomba msomaji aliye mwalimu alitazame jambo hili kwa makini. Alikuwa mkali. Hakuwaachia kila mtu apige apendavyo. Lakini alijua tofauti kati ya kupunguza na kufuta, na ukali wake ulianzia kwenye sauti yao, si kwenye karatasi. Mimi nilianzia kwenye karatasi.

Katika mazungumzo hayo hayo Europe alidai pia kwamba neno jazi lilitokana na bendi moja ya New Orleans iliyoongozwa na mtu aitwaye Razz. Hapa sina budi kuvaa joho langu la isimu na kumpinga marehemu kwa heshima. Etimolojia tamu namna hiyo aghalabu huwa ya kubuni, na neno lenyewe limeonekana kwanza katika kurasa za michezo za magazeti ya California, miaka ya 1912 na 1913, likiwa na maana ya uchangamfu, si muziki.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Harlem na Paris pekee. Katika vita hivyo hivyo maelfu ya Waafrika wa Mashariki walikuwa wakitaabika kama askari na wapagazi, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Kambini walikuwa na ngoma iliyoitwa beni. Ilianzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Lamu na Mombasa, kwa watu waliosikia bendi za Wazungu wakachukua tarumbeta, gwaride, vyeo na mavazi, kisha wakavifanya vyao. Mombasa ilikuwa na makundi yake, Kingi na Scotchi. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975. Neno beni lenyewe ni la Kiingereza, band, lililopita katika ulimi wa Mswahili: irabu ikageuka, d ikadondoka, na i ikaongezwa mwishoni ili silabi iwe wazi. Baadaye tulilikopa neno lile lile mara ya pili, likawa bendi, la mashuleni na jeshini, ambalo limeihifadhi ile d. Waliosema beni hawakuwa wameshindwa kusoma. Walikuwa wamesikia, wakapokea walichosikia kwa lafudhi yao.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi cha 369 kilirudi New York na kupita Fifth Avenue, barabara kuu ya matajiri, kikiandamana kwa safu pana za Kifaransa, Europe na bendi yake mbele. Mpaka walipofika Harlem walipiga nyimbo za gwaride za Kifaransa. Kule nyumbani wakabadili, wakapiga wimbo mwepesi wa kumkaribisha baba arudiye, na safu zilizokuwa zimenyooka tangu asubuhi zikavurugwa na mama na wake waliojitupa barabarani. Majira hayo ya kuchipua bendi ilirekodi zaidi ya nyimbo ishirini kwa kampuni ya Pathé. Sahani hizo zimehifadhiwa na nyimbo zake zinasikika hadi leo. Nimewasikilizisha wanafunzi wangu, nikiwa na nota mkononi, na mara nyingi kidole changu kimepotea njia kwenye karatasi.

Kisha bendi ilianza ziara ya miji mikubwa. Usiku wa tarehe 9 Mei 1919 walikuwa Mechanics Hall, mjini Boston, na asubuhi yake walitarajiwa kupiga mbele ya gavana wa jimbo, Calvin Coolidge. Wakati wa mapumziko mpigaji ngoma mmoja, Herbert Wright, kijana aliyekuwa na ghadhabu za mara kwa mara, aliingia chumbani kwa Europe akilalamika kwamba anaonewa kwa makosa ya wengine. Ghafla alimrukia na kumchoma shingoni kwa kisu kidogo cha mfukoni. Jeraha halikuonekana kuwa kubwa. Europe, aliyenusurika gesi na makombora, aliagiza onyesho liendelee chini ya msaidizi wake na kumhimiza Sissle ahakikishe kwamba bendi inafika kwa gavana asubuhi. Alifariki hospitalini usiku huo.

Jiji la New York lilimzika kwa maandamano rasmi ya umma, heshima ambayo haikuwahi kupewa mtu mweusi mjini humo, kabla mwili haujapelekwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Arlington. Bunge la Marekani lilikitunuku kikosi cha 369 Nishani ya Dhahabu mwaka 2021, askari wake wote wakiwa wamekwisha kuondoka duniani.

Wright alifungwa miaka minane hivi. Alipotoka alirudi Boston, akaishi katika mtaa wa Roxbury. Katika barabara hiyo hiyo alikuwapo mtoto aliyependa kugongagonga kila kitu kilichotoa mlio, naye Wright akawa anampa mafunzo ya ngoma. Mtoto huyo aliitwa Roy Haynes. Alipiga ngoma na karibu kila mwanajazi mkubwa wa karne ya ishirini, na alifariki Novemba 2024 akiwa na umri wa miaka 99.